Jaji Aliyeapa Kwamba Hana Ndugu

Mkitaka kwenda Pandembili, msijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Ramani yake iko mahakamani. Mimi nimefika huko, nikala, nikalala, nikarudi na akili zangu karibu zote, na haya ninayasimulia kwa heshima kubwa, maana sijapata kuona watu wanaopenda haki namna ile. Wanaipenda mpaka kila mmoja ana yake.

Pandembili ni jimbo moja katika shirikisho la majimbo mengi, na lina vyama viwili: Chama cha Sufuria na Chama cha Mfuniko. Zamani, wanasema, kilikuwa chama kimoja, kikavunjika kwenye karamu ya ushindi watu walipobishana kama wali ufunikwe au uachwe wazi. Wali wenyewe uliungua wakiwa bado wanabishana. Tangu siku hiyo kuna kinyozi wa Sufuria na kinyozi wa Mfuniko, duka la dawa la hawa na duka la dawa la wale, na zimamoto mbili. Nyumba ikishika moto, askari wa zimamoto hushuka garini, humuuliza mwenye nyumba kwa adabu anampigia nani kura, na akiwa si wao humtakia kila la heri na kurudi zao. Ndoa za mchanganyiko hazijaruhusiwa wala hazijakatazwa. Kesi yake bado inasikilizwa.

Sasa njooni mahakamani, maana huko ndiko aliko mtu wetu.

Mahakama ya Juu ya Pandembili ina majaji saba. Watatu wanawekwa na Sufuria, watatu na Mfuniko, na kila watatu wana mito ya kukalia ya rangi yao. Hao sita ni majaji hodari, kwa kuwa huwa wameshaamua kesi kabla haijafunguliwa. Wakili akishasema tu "Waheshimiwa", mikono mitatu iko juu huku na mitatu iko juu kule, na kinachobaki ni kusubiri jioni. Jaji mmoja wa Mfuniko, mama mtu mzima, alikuwa akija na ungo wa maharage akichambua taratibu mezani. Mwenzake wa Sufuria alimtazama kwa kijicho, kwa sababu yeye hakuwa amefikiria kuja na kazi ya mkono.

Kwa hiyo kesi zote, za mbuzi na za magavana, huamuliwa na mtu mmoja: Jaji wa Katikati. Na huyu kumpata ni shughuli. Wa kwanza alionekana akila maandazi ya mama ambaye mkwewe ni wa Mfuniko, akaondolewa. Wa pili alicheka kichekesho cha mtu wa Sufuria. Wa tatu aligundulika ana mke.

Ndipo wakamkuta Anzuruni Kigwa. Alikuwa hakimu wa kesi za mashamba huko wilayani, mseja, mrefu, mwenye sauti ya chini, na wakulima wa vyama vyote viwili walikuwa wanamchukia kwa usawa. Vyama vilifurahi sana. Na yeye, nisifiche, alifurahi pia. Maisha yake yote hakuna aliyekuwa amemtafuta kwa jambo lolote, na sasa walikuja na magari mawili.

Alikwenda kumwambia dada yake. Nyamizi ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, kwa kushona nguo za watu kwenye cherehani ya kukanyaga, na hakuwa na mwingine, wala Anzuruni hakuwa na mwingine.

"Wamenichagua, dada."

"Kwa lipi?"

"Wanasema sina upande."

Nyamizi aliendelea kukanyaga cherehani yake. "Wamekuchagua kwa sababu wanaona huna mtu. Mimi je? Mimi ni nini?"

Anzuruni alicheka, akasema hayo ni mambo ya taratibu tu, dada asiyatie moyoni.

Siku ya kuapishwa ukumbi ulijaa nusu kwa nusu. Alipewa kiapo akisome kwa sauti: "Mimi, Anzuruni Kigwa, naapa kwamba sina chama, sina jirani, sina rafiki, sina ndugu, kwamba sipendi chai kuliko uji wala uji kuliko chai, na kwamba nikiulizwa kama mvua itanyesha, nitasema pande zote mbili zina hoja." Nyamizi alikuwa amekaa kiti cha nyuma kabisa, amevaa gauni la maua alilojishonea kwa ajili ya siku hiyo. Anzuruni alipofika kwenye neno "ndugu" alimwona. Alilisema hivyo hivyo. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililokuja kumtesa baadaye. Watu walipiga makofi, na Nyamizi naye, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, alipiga.

*

Jaji wa Katikati hupewa nyumba nzuri mno. Ina bustani, ina maji, ina ukuta mrefu, na hakuna anayeruhusiwa kubisha hodi. Ili kuhakikisha hapendelei, amewekewa waangalizi wawili wanaokaa naye mchana kutwa: Mwinshehe, mtu mnene wa Sufuria mwenye kikohozi, na Bi Kirobo, mama mwembamba wa Mfuniko mwenye miwani. Hawaruhusiwi kuongea naye. Hawaruhusiwi kuongea wao kwa wao. Neno lao ni moja tu, la kuthibitisha kila anachofanya. Jaji akipiga chafya, Mwinshehe husema, "Imeonekana," na Bi Kirobo husema, "Imeonekana."

Chai yake huchemshwa kwa birika mbili, moja ya kila chama, kisha hupimwa nusu kwa nusu mbele ya mashahidi. Vipimo vikishalingana chai imeshapoa. Redio walimpa, wakaichukua tena, kwa kuwa kila kituo kina mwenyewe. Paka aliyekuwa akiruka ukuta alifuatiliwa, ikabainika anakula kwa katibu wa Sufuria, akapigwa marufuku.

Basi Anzuruni alikuwa mpweke. Naona watu wakisimulia habari za wakubwa hupenda kuzungukazunguka, lakini mimi nasema wazi: yule mtu alikuwa mpweke hadi ikawa inamuuma kifuani, kama mtu aliyemeza kiazi cha moto. Asubuhi alijiamkia mwenyewe kwenye kioo, "Hujambo, Anzuruni," na kujijibu, "Sijambo," na nyuma yake akasikia, "Imeonekana," "Imeonekana." Jioni alikaa kwenye bustani na kusikiliza harusi za watu ng'ambo ya ukuta. Alijikuta anapenda kikohozi cha Mwinshehe, kwa sababu angalau hakikuwa neno la kisheria.

Na dada yake alikuwa mwendo wa asubuhi moja tu kwa gari.

Siku moja ililetwa barua ya jirani wa Nyamizi, mama mmoja anayeitwa Mama Sikujua. Ilimfikia jaji ikiwa imeshapita kwa mawakili wa pande zote mbili, kila mmoja ameambatanisha majibu yake, kwa hiyo ilikuwa bahasha ya kubeba kwa mikono miwili. Barua yenyewe ilikuwa fupi. Nyamizi ameanguka jikoni. Upande wa kushoto wa mwili haumtii. Anamuulizia mdogo wake.

Wakili wa Sufuria alikuwa amepinga neno "kushoto" kuwa ni la kichochezi.

Anzuruni aliandika ombi la kwenda kumwona. Ombi lilifika mahakamani kwake mwenyewe. Watatu walisema aende, watatu wakasema asiende, na yeye hakuruhusiwa kupiga kura kwa jambo lake, kwa hiyo kiapo ndicho kilichoamua. Karani alisimama akasoma uamuzi kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya waliofaulu: "Mwombaji anaomba kumtembelea ndugu. Kiapo chake kinaonyesha hana ndugu. Ombi limetupwa, na mwombaji anakumbushwa kutoipotezea mahakama muda."

Usiku ule jaji hakula. Ilionekana.

*

Sasa sikilizeni namna haki inavyofanya kazi.

Vyama vilikuwa na kesi ya ramani. Pandembili kila baada ya uchaguzi huchora upya mipaka ya maeneo ya kura, na anayeshika kalamu huichora kwa upendo, akiwakumbatia watu wake na kuwakwepa wengine. Mpaka mmoja hupita katikati ya kanisa, mwingine umezunguka kisima mara mbili. Safari hii mpaka ulikuwa umepita kwenye nyumba moja ya vyumba viwili, jiko upande huu na chumba cha kulala upande ule. Na kura za eneo lile zilikuwa zimelingana sawasawa, kwa hiyo yule aliyemo kwenye nyumba ile, akihesabiwa huku au kule, ndiye atakayeamua nani atawale Baraza la Jimbo.

Chama cha Sufuria kilidai mtu anaishi pale anapopikia. Chama cha Mfuniko kilidai mtu anaishi pale anapolala. Mawakili walizungumza siku nyingi. Walinukuu sheria za kale, walileta vitanda, walileta mafiga. Wakili wa Sufuria alisema taifa lisilopika ni taifa la wageni. Wakili wa Mfuniko akajibu kwamba hata mwizi anaweza kupika, lakini kulala kunataka imani. Jaji wa maharage alimaliza gunia.

Anzuruni alikuwa akisikiliza kwa nusu sikio, mpaka karani aliposoma jina la mwenye nyumba. Nyamizi binti Kigwa, mshonaji.

Alinyoosha mkono akanywa maji, nusu kutoka glasi hii na nusu kutoka glasi ile. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Mahakama haiwezi kuamua jambo hili kwa mdomo. Mahakama itahamia eneo lenyewe, ione nyumba na imsikilize mwenye nyumba."

Mawakili walitazamana. Mmoja alisimama. "Mheshimiwa, shahidi huyu si dada yako?"

"Mimi sina dada," akasema Jaji Anzuruni. "Soma kiapo."

Wakasoma kiapo. Kweli, hakuwa naye.

*

Msafara ulikuwa mrefu. Kwa kuwa barabara ya mashariki ina maduka ya Sufuria na ya magharibi ina maduka ya Mfuniko, gari la jaji lilipita nusu ya hii, likakata katikati ya shamba la mihogo la watu, likamalizia na nusu ya ile. Mwenye shamba alishauriwa kufungua kesi.

Nyumbani kwa Nyamizi wapima ramani walikuwa wamechora mstari wa chokaa sakafuni, kutoka mlango wa mbele hadi wa uani. Majaji watatu walisimama upande huu, watatu upande ule, na Anzuruni alisimama juu ya mstari, mguu huku na mguu kule, na joho lake jeusi likizoa chokaa. Waangalizi walikuwa nyuma yake. Majirani walikusanyika uani. Mbele yao alisimama Mama Sikujua, mwanamke mfupi mwenye kitenge begani, ameshika bakuli lililofunikwa kwa kawa. Aliambiwa asubiri.

Nyamizi alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba. Kitanda hicho majirani walikuwa wamekisogeza mpaka mlangoni pa jiko ili apate joto la moto, kwa hiyo mstari ulipita chini yake. Alikuwa amepungua sana. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya shuka kama kitu alichowekewa na mtu mwingine.

Anzuruni alitaka kupiga magoti. Miguu yake ilikuwa imeshaanza kujikunja, akasikia Bi Kirobo akivuta pumzi nyuma yake, akasimama wima.

"Shahidi, taja jina lako."

Nyamizi alimtazama. "We Anzu. Leo hulijui jina langu?"

"Pingamizi," akasema wakili wa Mfuniko. "Shahidi anamzoea jaji."

"Jina lako, tafadhali." Na safari hii sauti ilimtetemeka.

"Nyamizi binti Kigwa."

"Unaishi wapi?"

"Humu."

"Humu upande upi?" akadakia wakili wa Sufuria.

"Humu ndani, baba. Kwani nyumba ina pande ngapi?"

Wakili wa Sufuria alijiweka sawa na kuuliza lile swali lake la ushindi. "Waeleze waheshimiwa, bibi. Unapikia wapi?"

"Sipiki. Mkono hauna nguvu. Wananiletea."

Wakili alikaa chini. Wa Mfuniko akainuka, uso umemkunjuka. "Na unalala wapi?"

"Silali, mwanangu. Ubavu huu unawaka, nakesha nahesabu mabati."

Naye akakaa. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Pandembili mawakili wa pande mbili walikuwa wameafikiana, ingawa hawakupenda: shahidi hapiki, kwa hiyo kwa Sufuria haishi, halali, kwa hiyo kwa Mfuniko haishi. Kisheria kitanda kilikuwa kitupu. Wakaanza kuongea wote kwa pamoja juu ya namna ya kuliandika jambo hilo.

"Mahakama ina maswali yake," akasema Anzuruni.

Wakanyamaza. Njia nzima alikuwa ameyapanga maswali yale, akiyageuza na kuyanyoosha ili yafanane na maswali ya kesi, na sasa hata moja halikumjia kama alivyolipanga.

"Shahidi amekula leo?"

"Pingamizi. Halihusiani na mipaka."

"Linahusiana," akasema jaji. "Asiyekula haishi upande wowote. Shahidi ajibu."

"Nimekula uji. Na ndizi."

"Alileta nani?"

"Huyo Mama Sikujua hapo nje, wao ni Mfuniko. Jana jioni walikuja watu wa kwa mzee Lufungulo, wale Sufuria. Wanaingia tu. Sijawahi kuwauliza mambo hayo."

"Dawa unakunywa?"

"Nakunywa. Chungu mno."

"Unaogopa?"

Pingamizi zilikuja mbili kwa mkupuo. Nyamizi hakuzingoja. "Usiku naogopa," alisema. "Wakija asubuhi wakanijulia hali, huisha."

Jaji alitazama chini kwenye mstari. Lilibaki swali moja, na lile lilikuwa la kuomba radhi, na mahakamani hakuna namna ya kuomba radhi kwa kuuliza. Alilijaribu hivi. "Shahidi anaikumbuka siku ya kiapo?"

"Naikumbuka. Nilivaa lile gauni la maua."

"Shahidi alichukia?"

"Shahidi aliumia," akasema Nyamizi. "Kuchukia sikuweza."

Hakuna aliyepinga. Nadhani mawakili walikuwa wanatafuta kifungu. Na kabla hawajakipata, Nyamizi alijiinua kidogo kwa mkono wake mzima, akamtazama mdogo wake kuanzia joho hadi viatu, akasema, "Na wewe, mdogo wangu, hujambo? Mbona umekonda hivyo? Nani anakuangalia?"

*

"Shahidi haulizi," alisema wakili wa Sufuria, ameshasimama. "Naomba swali lifutwe kwenye kumbukumbu."

Kwa kuwa Sufuria walitaka lifutwe, Mfuniko walitaka libaki. Mikono mitatu juu, mikono mitatu juu. Ikarudi kwa Jaji wa Katikati.

Karani alifungua kanuni na kusoma. Swali likifutwa, halikuulizwa. Likibaki, litajibiwa katika kikao kijacho, baada ya pande zote kuwasilisha hoja zao kwa maandishi, na mpaka wakati huo shahidi atahesabiwa yumo katikati ya ushahidi: haongei na mtu, hatembelewi na mtu, na mlangoni pake watawekwa waangalizi wawili, mmoja wa kila chama.

"Kikao kijacho lini?" akauliza jaji.

"Mvua zikiisha, mheshimiwa. Au mwaka unaofuata. Inategemea rufaa."

Likibaki, angerudi. Angesimama tena pale kwenye chokaa, na safari hiyo angekuwa na haki ya kujibu, kwa amri ya mahakama, mbele ya watu wote. Tangu aapishwe hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza kama hajambo. Alilitaka swali lile kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji, na jibu lake lilikuwa refu, alikuwa nalo tayari.

Kisha akatazama uani. Mama Sikujua alikuwa bado amesimama na bakuli lake, na mvuke uliokuwa ukitoka pembeni mwa kawa ulikuwa umekwisha. Nyuma yake walikuwa wanawake wengine wawili na mzee Lufungulo mwenye fimbo. Akawaza mlango ule na watu wawili wa kusema "Imeonekana" hapo, na Nyamizi ndani peke yake akihesabu mabati.

"Swali lifutwe," alisema. "Mahakama haina swali zaidi kwa shahidi."

Nyamizi alimtazama vile vile alivyomtazama siku ya kiapo. Sijui kama alielewa. Nadhani alielewa, maana aliugeuzia ukuta uso wake na kusema taratibu, "Haya. Nenda salama." Na hilo nalo lilifutwa.

Garini jaji hakupunga mkono, kwa sababu kupunga ni mawasiliano. Aliweka mikono magotini na kugeuza shingo tu. Kupitia kioo cha nyuma aliona majirani wakiingia, mmoja baada ya mwingine, wakikanyaga chokaa bila kuangalia chini. Mama Sikujua aliingia wa kwanza.

*

Hukumu yake ilikuwa fupi mno kwa desturi za kule. Alisema mtu haishi anapopikia wala anapolala. Mtu anaishi pale anapojuliwa hali. Nyamizi binti Kigwa anajuliwa hali na watu wanaoingia kwa mlango wa mbele na kwa mlango wa uani, wa Sufuria na wa Mfuniko, kwa hiyo anaishi nyumba nzima, na mpaka hauna ruhusa ya kupita hapo. Na kwa kuwa nyumba nyingi ziko hivyo, ramani yote ichorwe upya na watu wasiokuwa na vyama.

Watu wasiokuwa na vyama walitafutwa Pandembili nzima. Hawakupatikana.

Basi jambo la ajabu likatokea. Wakuu wa Sufuria na wakuu wa Mfuniko walikutana kwenye hoteli moja, wakala meza moja, na wali ulikuwa umefunikwa nusu. Gavana alitoa hotuba. "Ndugu zangu," alisema, "tumetofautiana kwa mengi, lakini yapo matukufu yanayotuunganisha, na la kwanza ni mipaka yetu." Walilia, wakapeana leso. Kesho yake walifungua kesi ya pamoja dhidi ya Jaji wa Katikati, kwa kutumia hukumu yake mwenyewe: kama mtu anaishi pale anapojuliwa hali, je, Anzuruni Kigwa anaishi Pandembili?

Waliitwa waangalizi. Bi Kirobo aliapa akavua miwani.

"Umewahi kumjulia hali jaji?"

"Hairuhusiwi."

"Kuna mwingine aliyewahi kumjulia hali?"

"Sijaona."

Mwinshehe alikohoa kwanza. "Mimi niliwahi kutaka," akasema.

"Kutaka hakumo kwenye kumbukumbu, bwana. Uliwahi kumuuliza?"

"Hapana."

Karani aliamriwa apekue kumbukumbu zote za mahakama, aone kama kuna mtu yeyote aliyewahi kumuuliza jaji huyu kama hajambo. Alipekua. Alipofika kwenye kikao cha nyumbani kwa Nyamizi alisoma kwa sauti: "Kuchukia sikuweza. Kisha hapa pana nafasi. Imeandikwa: swali limefutwa kwa amri ya Jaji wa Katikati."

"Lilikuwa swali gani?"

"Lililofutwa halikuulizwa, mheshimiwa."

Walimgeukia Anzuruni. Kama angesema kwamba aliulizwa, angetaja swali ambalo halikuwapo, lililoulizwa na dada ambaye hana. "Sina la kusema," alisema.

Mikono sita ilipanda juu kwa pamoja, upande huu na upande ule, na wa jaji wa maharage ulikuwa na haragwe limeganda kidoleni. Kitu kama hicho hakijawahi kuonekana Pandembili. Watu waliangua shangwe barabarani, vinyozi walinyoa bure mtu yeyote, na zimamoto zote mbili zilipiga ving'ora kwa furaha. Nyumba moja iliungua siku hiyo, lakini iliungua katika hali ya umoja.

Asiyeishi jimboni hawezi kuwa jaji wake, wala hawezi kukaa humo. Walimpa saa moja ya kufungasha. Alikuwa na sanduku dogo.

Waangalizi walimsindikiza mpaka mpakani, kwenye kizuizi cha mti kilichopakwa rangi mbili. Ng'ambo kulikuwa na barabara ya vumbi na jua, na hapakuwa na mtu wa kumpokea. Alipita chini ya mti, akasimama upande wa pili. Mwinshehe alisema, "Imeonekana." Bi Kirobo alisema, "Imeonekana." Kazi yao ikawa imekwisha hapo, na hawakujua waende wapi. Wakabaki wamesimama bega kwa bega.

Anzuruni alikuwa ameshageuka na kuanza kutembea aliposikia kile kikohozi.

"Mzee wangu," Mwinshehe aliita kutoka upande wake wa mti. "Hujambo lakini?"

Anzuruni alisimama. Aliweka sanduku chini kwenye vumbi, akafuta uso kwa kiganja.

"Sikusikia vizuri," akasema, na alikuwa amesikia. "Hebu niulize tena."